Insulini Chini ya Sombe

Mama yangu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na serikali ya Sweden ilikuwa ikimpa insulini bure. Hilo la bure ndilo lililotuponza. Mama alitoka Uvira, na kwake yeye serikali ikikupa kitu bila kukudai chochote, ujue kuna jambo.

"Mutoto wangu, leo wanatoa, kesho watafunga mulango," aliniambia kila tulipotoka duka la dawa la mtaani kwetu, Rågsved. "Tuweke akiba."

Akiba kwetu maana yake ni friza. Sisi Wakongo wa Stockholm tuligandisha kila kitu: sombe, dagaa tunaowaita ndagala, hata keki za harusi za watu walioachana zamani. Insulini nayo ikaingia humo. Mama alitoa kalamu za sindano moja moja, akaiyeyusha kwenye sinki kando ya samaki, kisha akajidunga.

Sukari ikapanda. Muuguzi akaongeza dozi, ikapanda tena. Mama akakonda, akawa anasinzia kanisani hata kwaya ikipiga ngoma. Nilikuwa kidato cha kwanza na niliogopa sana kwamba atakufa. Nikawa namfokea kwa Kiswidi kwa sababu ya soda, naye soda hata hakunywa.

Siku moja kliniki, muuguzi akauliza dawa inahifadhiwa wapi. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani. Mama alikuwa amengoja muda mrefu mtu amuulize kuhusu ujanja wake.

"Mwambie iko salama! Iko ku friza, chini ya sombe. Imekuwa jiwe kabisa."

Nilitafsiri. Muuguzi akauliza sombe ni nini. Nikaanza kueleza majani ya muhogo, Mama akanikatiza nisije nikasahau mafuta ya mawese.

Ndipo tukaelezwa kwamba insulini ikishaganda imekufa. Miezi yote ile Mama alikuwa akijidunga maji. Tutupe yote, tukachukue nyingine leo hii, bure.

"Muulize, hata kama ni miye niliyeharibu?"

Hata kama.

"Na hawakasiriki?"

Hawakasiriki. Mama akafunika uso kwa kitenge, akalia kwa sauti hadi muuguzi akanitazama mimi, akidhani nimetafsiri vibaya.

"Baba yangu alikufa ju ya kukosa hii dawa," alisema. "Chupa moja tu. Na miye nimeharibu friza nzima, bado wananipa."