Yamechacha

Mama mkwe wangu ana pua kali. Kwetu Kimuli, upande wa wafugaji, maziwa hayamiminwi kabla kibuyu hakijanuswa, na yeye akinusa hukunja uso mzima kama aliyeonyeshwa panya aliyeoza. Asubuhi ile nilikuwa naye jikoni, nimefungua blauzi nimnyonyeshe binti yangu, bado mchanga kabisa. Akanusa kibuyu.

"Yamechacha haya," akasema. "Yamwage."

Alisema ya ng'ombe. Mimi nikasikia yangu.

Mwenzangu, neno lile liliniganda kichwani kama kupe. Nikifagia, yamechacha. Nikimenya ndizi, yamechacha. Nikajinusa kifuani, nikanusa nguo za mtoto, na Mungu ni shahidi, harufu nilikuwa naisikia. Nilioga mpaka ngozi ikawasha. Kazi bure, la kuvunda halina ubani! Nilijichukia mwili mzima. Maziwa nikawa nayakamulia nyuma ya choo na kuyafukia kwa udongo kama paka, mtoto nampa maji ya sukari. Mashavu yake yakaanza kubonyea.

Na watu nao! Hao mpaka leo wananitia kichefuchefu. Jirani mmoja akatangaza kisimani kwamba nina pepo. Mwingine akaja kulikemea, akanimwagia mate usoni, mate yenye harufu ya kitunguu. Mume wangu naye, eti, "Acha kuwaza." Khaa! Kuwaza kungekuwa redio, si ningezima zamani?

Wifi yangu ndiye aliyenipakia kwenye bodaboda mpaka zahanati. Muuguzi alinisikiliza mpaka mwisho, akasema huo ni ugonjwa, unawapata wazazi wengi, una dawa, na nirudi kila wiki tuzungumze. Lakini mtoto hawezi kungoja nipone, akasema, anyonye leo hii.

"Siwezi kumlisha mwanangu uozo," nikamjibu.

Wifi akanisogelea. Alikinga kiganja chini ya titi langu. "Kamua hapa."

Nikakamua huku nimegeuza uso. Akanusa vilevile anavyonusa mama yake, akayanywa yote, kisha akalamba vidole.

Phu! Nilitapika palepale, kwenye sakafu ya watu iliyotoka kupigwa deki.

"Haya, wifi yangu," akasema akijifuta mdomo. "Kama ni sumu, nitatangulia mimi. Sasa mpe mwenetu, ana njaa."

Akaniwekea mtoto kifuani. Nilidhani akishika titi tu, kile kinyaa kitanitoka. Wapi! Hakikutoka siku ile, wala mwezi ule. Nilimnyonyesha nimebana pua, machozi yananichuruzika. Naye akavuta kwa pupa, akashiba.