Mkono Uliozoea Betri

Juzi, kwenye dirisha la ofisi ya umeme, mama mmoja wa Kanyosha aliomba umeme wa nyumba yake ukatwe. Mumewe, fundi wa malori, alizoea kupima betri kwa vidole. Waya wa nyumbani akaupima vilevile, ukamuua.

"Umeme ya batri haikumuua miaka yote," mama akasema. "Hii iko na nini?"

Karani akajibu taratibu: "Mama, ya batri ni ndogo, inaenda upande moja tu. Ya nyumba ni kali, inaenda na kurudi. Inakaza mukono, mutu hawezi kuachia."

Mama akakunja ngumi, akaitazama, akaikunjua. "Siku mulituletea umeme, mulituonyesha kuwasha tu."

Karani akainama. Kisha akaniita mimi niliyefuata kwenye foleni, niliyekuja kuomba kuunganishiwa umeme.

"Na weye, muzee, unataka taa ngapi?"