Kazi Niliyomtungia Mume Wangu

Ungeniuliza mume wangu alifanya kazi gani tulipokuwa mtaa wa Makina, jibu lilikuwa tayari mdomoni: karani wa stoo, godauni moja kule Industrial Area. Ndivyo nilivyomwambia mwenye nyumba, mama wa Kinubi, hata kabla hajaniuliza nitalipa kodi lini. Ukweli ni kwamba alikuwa polisi, mpelelezi, wale wa nguo za raia. Kawangware, tulikokaa kwanza, tulihama kwa sababu mtu mmoja aliyefungwa na mume wangu alitoka jela, akawa anakunywa chai kila siku kwenye kibanda kilichotazamana na mlango wetu. Alikunywa chai tu, na wiki moja ya chai ile ilitosha.

Watu huniuliza hadi leo, si mngekaa laini za polisi, kwenye nyumba za serikali? Wee! Laini mlikuwa mnagawiwa chumba kimoja familia mbili, pazia katikati, na mimi kulala nikisikiliza mume wa mtu mwingine akikoroma sikuweza. Tukapanga chumba cha mabati kama wengine, maana mshahara ungetufikisha wapi tena? Mwezi ukifika nusu nilikuwa nimeshakopa mafuta ya taa. Cheo aliambiwa asubiri mwaka huu, kisha mwaka ujao, na wenye wajomba wakubwa wakampita. Kampuni za ulinzi za mjini zilikuwa zimeanza kuchukua wapelelezi na kuwalipa afadhali, lakini ukiiacha serikali kabla ya muda wako, pensheni unaiaga. Kwa hiyo hakutoka na hakupanda. Akakaa hapohapo, nami nikakaa naye na hasira zangu.

Ubaya ni kwamba uongo wangu ulikuwa mtamu mno. Nusu ya Makina ilikuwa inatafuta kibarua, na mimi nimewatangazia kwamba mume wangu yuko godauni. Jirani wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka upande wa ziwa, alikuwa na mume aliyeachishwa kazi ya mjengo. Kila akikaanga omena, dagaa wa kwao, alinigawia bakuli.

"Mwambie baba watoto amkumbuke mzee wangu," alikuwa akiniambia.

"Nitamwambia. Nafasi bado."

Omena ile nilikuwa naila kwa aibu, lakini naila. Na mdomo wangu haukujua kunyamaza, nikamtajia hadi godauni lenyewe, lile la magunia lenye geti la buluu.

Jumamosi moja mumewe alichoka kungoja. Akavaa shati la kanisani, akatembea kwa miguu hadi kwenye geti la buluu, akamuulizia mume wangu. Bawabu akamwambia mtu kama huyo hajawahi kufanya kazi pale. Alirudi alasiri, mimi nikiwa uani nafua, na hakuja kwangu. Alikwenda kuketi kwenye mlango wa ploti, ule wa kuingilia vyumba vyetu vyote. Wanaume wengine wakaungana naye, mmoja akatumwa mtaa wa Gatwekera kuita wenzao.

Mkewe alikuja kuchukua karai lake karibu nami. Hakuniangalia.

"Mama, mzee wako hutoka usiku akarudi asubuhi," akasema. "Kazi yake hakuna anayeijua. Na redio ya mwenye duka imeibwa juzi. Ningekuwa wewe ningechukua watoto niende kwa ndugu zangu."

Siku ile mume wangu alikuwa ametoka mchana, angerudi kabla ya magharibi, angeingia na mlango uleule akipiga mluzi. Simu ya kumwonya ningeipigia wapi? "Za mwizi arobaini," mmoja wao akasema kwa sauti, ili nisikie. Walikuwa wameshakusanya mawe. Nikisema ukweli, itabidi tuhame, na kuhama kunataka pesa. Nikinyamaza, namzika.

Niliwaendea na mikono yangu ya sabuni.

"Huyo mnayemngoja si mwizi. Ni karao."

Wakacheka. Karao gani atakaa hapa, apange foleni ya choo na sisi?

"Mama," yule jirani aliyekwenda kwenye geti la buluu akaniambia, "jana ulikuwa na karani. Leo una polisi. Kesho atakuwa waziri?"

Nilipandwa na hasira, nikasahau hata woga. Nikaingia ndani, nikainua godoro, nikatoka na karatasi yake ya mshahara. Sikumpa yeye. Nilimpa mwenye nyumba, aliyekuwa ametoka kuswali na kusimama barazani kwake. Akavaa miwani, akawasomea: jina, cheo, mshahara, makato, na kilichobaki. Kisha akawapa waitazame wenyewe. Kicheko kilikwisha.

"Ndiyo yote?" jirani akauliza. "Ya mwezi mzima?"

"Ndiyo yote."

"Mjengo ulikuwa unanilipa kuliko hii."

"Mwizi angenilipa kodi kwa wakati," mwenye nyumba akasema, akanirudishia karatasi. Wale wa Gatwekera wakaondoka kwanza. Wetu wakabaki kidogo, kisha nao wakaingia kwao mmoja mmoja.

Mume wangu alifika jua likizama. Mlangoni mtu akamwambia, "Habari ya jioni, afande," naye mluzi ukamkatika. Aliingia chumbani akafunga mlango.

"Umewaambia?"

"Walikuwa wanakungoja kwa mawe."

Akaitikia kwa kichwa. Hilo alilielewa.

"Na waliaminije?"

"Nimewaonyesha karatasi ya mshahara."

Hapo ndipo alipoketi kitandani. Aliinamisha kichwa akafungua kamba za viatu, na mimi nikaona afadhali angenigombeza.

"Kazi ungewaambia," akasema. "Lakini mshahara, mama watoto? Mshahara uliwaonyesha kwa nini?"

Huyu mtu nilikuwa nimetoka kumwokoa, na moyo wangu ukauma kama nimemvua nguo barabarani.

Mwezi ule hatukuhama, wala uliofuata. Tungehama na nini? Asubuhi iliyofuata siku ile ya mawe jirani wa mlango wa pili aligonga, yule mume mwenyewe, kibarua bado hana, ameshika pakiti ya unga. "Wa watoto," akasema, akaenda zake. Mume wangu aliniambia niurudishe. Niliutazama ule unga, nikawatazama watoto, nikawasha jiko. Ugali ulipoiva alikula, lakini alitugeuzia mgongo.