Mama Ntilie wa Nyololo

Nakumbuka siku moja basi letu la kutoka Iringa liliposimama Nyololo ili tule, nami sikutaka kabisa lisimame. Nilikuwa nimetoka Kihesa alfajiri kwenda Ilomba, Mbeya, ambako fundi wa makabati aliniahidi kazi. Nisipomkuta kabla hajafunga karakana, alisema, nafasi anampa mwingine.

Lakini njaa haikuelewa hayo. Nikaingia kibandani, nikamsalimia mpishi kwa lugha ya kwao. "Kamwene, mama. Nitilie ugali maharage."

Mwanangu, jina mama ntilie mnalitamka kila siku bila kulifikiria. Tangu siku ile nimewauliza wapishi wengi asili yake, na wengi wananieleza jambo moja: vibarua waliokuwa mbali na kwao walimsogezea mpishi sahani wakisema, "Mama, nitilie." Ombi likageuka jina. Mama zao hawakuwa karibu, wakamwita hivyo aliyeshika upawa.

Sijafika hata nusu ya sahani, honi ikalia. Nikainuka.

"Kaa," akasema yule mama.

"Mama, basi linaniacha! Nitakosa kazi!"

"Umeniita nani?"

"Mama."

"Basi kaa ule." Akatoka hadi mlangoni, upawa mkononi. "Wee konda! Huyu wangu hajashiba."

"Mama, ratiba!"

"Ratiba ndiyo inakutiliaga supu ukishuka hapa unatetemeka baridi?"

Abiria wakacheka madirishani. Konda akapiga ubavu wa basi, dereva akazima injini. Nilikula miguu ikicheza chini ya meza. Hata ladha siikumbuki. Ilomba nilimkuta fundi ameshika kufuli, akaniambia niingie.

Siku hizi nawaona vijana wakigonga sahani kwa kijiko, macho kwenye simu, "Ntilie, ntilie!" Wanaomba chakula cha mama, huyo mama mwenyewe hawamwoni.

Nakuusia hivi: ukimwita mtu mama ili akulishe, msalimie kwanza, mtazame usoni, na uendelee kumwita hivyo hata ukishashiba. Na siku ukiitwa wewe mama au baba na mtu aliye mbali na kwao, usiitikie kwa mdomo tu. Simama umtetee, hata wakikucheka.

Mungu akujalie, mwanangu, popote ugenini usikose chakula, wala mtu wa kukuita wake.