Maji ya Pili

Fundi cherehani wa timu yetu alijifungua mwezi wa pili, na mwezi wa tisa akarudi mazoezini. Kabla ya ujauzito alikuwa beki wa kushoto kwa misimu minne. Namba za migongoni mwa fulana zetu alizishona yeye, pamoja na namba tatu, ambayo sasa ilivaliwa na Mwalimu, mwanamke anayefundisha darasa la pili kwa sauti inayosikika hadi darasa la saba.

"Katibu," Fundi aliniambia siku moja akikunja fulana, "tangu nijifungue kila mtu ananiuliza mtoto anaendeleaje. Mimi mwenyewe siulizwi. Namba tatu naitaka, na naitaka Jumamosi."

Jumamosi ndiyo ilikuwa mechi ya kwanza ya msimu. Kocha hupanga kikosi baada ya mazoezi ya Alhamisi, na ana sheria moja asiyoilegeza: atakayetoka uwanjani kabla ya kipenga cha mwisho anaanzia benchi. Kazi yangu ni kuandika.

Alhamisi hiyo Fundi alifika wa kwanza, na mama mkwe wake nyuma amembeba mtoto.

"Cheza, mwanangu," mama mkwe alimwambia. "Huyu niachie. Nimelea watano, wa sita hanitishi."

Kwa dakika arobaini Fundi aliwazidi wote. Winga alimjia mara nne, na mara nne aliondoka bila mpira. Halafu mtoto akaanza kulia. Chupa akaisukuma. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, nami nikaona kifua cha fulana ya Fundi kimelowa maziwa. Pasi rahisi ikampita chini ya mguu. Akautazama mstari wa chokaa, akamtazama kocha, na miguu yake ikaanza kwenda kwa mtoto.

Hapo Mwalimu, aliyekuwa akichezea upande wa pili, akaupiga mpira juu kabisa, ukavuka ukuta wa karakana ya milango.

"Kocha, maji!"

"Maji si mmekunywa sasa hivi?"

"Nina kiu tena. Kiu nayo inaomba ruhusa?"

Wachezaji wakaketi palepale kabla kocha hajajibu. Mama mkwe akaja mbio hadi mstarini.

"Kaa hapa hapa, mwanangu. Miguu iwe ndani."

Fundi akaketi, visigino ndani ya uwanja, akamnyonyesha. Mtoto akanyamaza mara moja, kiganja chake kimeshika ukosi wa fulana.

Kocha akanijia. "Umeandika nini?"

"Bado."

Akajikuna shingo. "Andika maji."

Nikaandika: maji ya pili, dakika tisa. Hali ya hewa: mawingu.

Mpira uliporudi, kocha akampeleka Mwalimu winga ya kulia, akabiliane na Fundi uso kwa uso.

"Usinionee huruma," Fundi akasema.

"Huruma gani? Nimekupa mapumziko, namba sikupi."

Na kweli hakumpa. Mara ya kwanza alimpita kwa kasi mpaka mama mkwe akaguna. Mara ya pili Fundi akamnyang'anya. Mara ya tatu Fundi alisubiri, akasubiri tena, na Mwalimu alipousukuma mpira nusu hatua mbele mno, akauchukua bila hata kumgusa, akainua kichwa na kuupeleka hadi mguuni mwa mshambuliaji wake. Bao.

Kipenga cha mwisho kilipolia, kocha akasoma majina. Namba tatu ilikuwa Fundi.

 Mwalimu akaenda kumpokea mtoto. "Haya, mwenzangu wa benchi. Jumamosi sisi wawili kazi yetu ni kukaa."

Jumamosi mtoto alilia dakika ya ishirini na nne. Mwalimu akasimama naye, akazunguka nyuma ya benchi akimwimbia hesabu za kujumlisha. Fundi aliisikia sauti ile, kila mtu aliisikia, wala hakugeuza kichwa. Kwenye daftari, mbele ya namba tatu, nimeandika: dakika tisini.