Nguzo Kwenye Kaburi la Bibi

Bibi yangu mzaa baba tulimzika kwenye kibanja chetu, upande wa Bweranyange, katikati ya migomba, kama tulivyozikana siku zote. Hatukumjengea kwa saruji. Baba alipanda miramura pembe zote za kaburi, ile mimea ya majani marefu tunayoiweka mipakani na makaburini, na kila aliyepita alijua hapo kuna mtu amelala.

Baadaye wakaja wageni na gari jeupe, maofisa wa mambo ya kale. Walisema mtawala wa zamani alikuwa akipumzisha msafara wake hapo kwetu, kwa hiyo patajengwa nguzo ya kumbukumbu. Baba aliwakatia mkungu wa ndizi mbivu, akawatolea viti vyote vya ndani, sisi tukakaa kwenye mkeka. Aliona fahari, maskini.

Aliomba jambo moja tu. "Sogeeni kidogo. Hapa amelala mama yangu."

Kiongozi wao, kijana wa rika la mdogo wangu wa mwisho, aliitazama ile miramura. "Mzee, mbona mimi naona majani tu?"

"Hayo majani ndiyo alama yetu."

"Tutaangalia," alijibu.

Jumapili moja tulirudi kutoka ibadani tukakuta miramura imerundikwa pamoja na mibuni yetu iliyokatwa, na zege limeshamwagwa juu ya kaburi. Baba aliinama na koti lake la kanisani, akaokota shina moja, akaingia nalo ndani. Hakupiga kelele. Nilipiga mimi. Fundi aliendelea kufuta mwiko wake. "Dada, sisi tumeonyeshwa pa kuchimba tu."

Siku ya uzinduzi palifungwa mahema, ngoma zikapigwa. Mgeni rasmi alisema watu wasioheshimu wafu wao wamepotea. Tulipigiwa makofi sisi wenye eneo, tukaambiwa tusimame tuonekane. Baba alisimama, amevishwa kofia mpya waliyomletea, mikono imening'inia. Sijawahi kumwona mdogo kiasi kile.

Mwaka jana aliugua kifua. Aliponiita kitandani hakuzungumzia kahawa wala urithi. "Mnilaze karibu na mama," alisema.

Alipofariki, kaka yangu alikwenda Omurushaka kutafuta jeneza, mimi nikaenda ofisini kwa wale wa nguzo kuomba ruhusa. Afisa aliitikia shikamoo yangu, akanipa kiti, akanipa pole. Kisha akasema, "Kibanja chote kile sasa ni eneo la kumbukumbu, mwanangu. Maziko hayaruhusiwi."

"Mbona amezikwa mtu tayari?"

"Nani?"

"Bibi yangu."

Akatikisa kichwa taratibu, kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa. "Sisi hatuna habari za kaburi pale."

Tukamzika baba kwenye makaburi ya kanisa, kilimani, mahali penye mawe yaliyowashinda wachimbaji mpaka mchana. Tulipofika nyumbani mama alikaa kwenye kizingiti cha jiko, akavua viatu.

"Nililetwa kwenye kibanja hiki nikiwa msichana," alisema. "Mimi mtaniweka wapi?"

Kaka yangu alitoka nje. Mimi nilichukua kisu nikaendelea kumenya ndizi, maana waombolezaji walikuwa bado wanafika.