Bi Khairiya Apimwa Masikio

Bi Khairiya alisomesha wasichana Kurani pale Msuka miaka ishirini na sita. Barazani kwake walisoma watatu wanne kwa pamoja, kila mmoja na sura yake, naye akimkatiza yeyote anayekosea. Mwaka wa 1938 kosa likampita. Msichana mmoja aliruka aya nzima ya Suratul-Humaza, naye akasema, "Vyema, endelea."

Mwatum, binti wa marehemu dada yake, aliyekuwa akimsaidia kusomesha, alingoja wasichana watawanyike.

"Mama mkubwa, hukumsikia?"

"Nlimsikia. Kasoma yote."

Ndipo Mwatum alipofahamu. Sura zote bibi yule alikuwa nazo moyoni. Mtoto akifungua mdomo, alizisikia zilivyo, si zilivyosomwa. Bi Khairiya mwenyewe alijua tangu mwaka juzi kuwa masikio yanamwishia. Kutwa alikodolea watu midomo, na ikifika jioni kichwa kinamgonga kama aliyeshinda kondeni.

Walikwenda kwa miguu mpaka Konde, wakapanda lori la abiria hadi hospitali ya Wete. Pale wakakaa kwenye benchi mpaka karibu na adhuhuri.

Daktari, Mhindi aliyeishi sana Pemba, alimchungulia masikio kwa kioo na kijifaneli.

"Hamna uchafu, Bi, wala usaha. Sasa tazama ukuta, sikio moja ulizibe kwa kidole. Mimi nitanong'ona, weye urudie."

Akasimama nyuma yake, akaanza kuhesabu.

"Moja," Bi Khairiya akasema. "Mbili. Tatu. Nne."

"Nne sijaitaja," daktari akamwambia Mwatum.

Mara hii akanong'ona namba zisizofuatana: kumi na saba, sitini, tisa. Bi Khairiya alibaki kuutazama ukuta.

"Washasema?" akauliza.

Saa ya mfukoni hakuisikia mpaka ilipomgusa sikio. Kisha daktari akatoa chuma chenye panda mbili, akakigonga gotini kikavuma, akakisimamisha kitako chake kwenye mfupa nyuma ya sikio la Bi Khairiya. Bi Khairiya aliponyanyua mkono kuonyesha kuwa kimenyamaza, daktari alikihamishia mbele ya tundu la sikio.

"Nakisikia tena," akasema, na uso ukamchangamka. Alidhani ni kheri.

Sikio la pili likawa vile vile. Kilipowekwa kwenye paji la uso, alisema anakisikia katikati.

Daktari akaketi mbele yake, akapaza sauti.

"Ingekuwa njia imeziba, mfupani ungekisikia zaidi kuliko tundu la sikio. Kwako sivyo. Kilichochoka ni mshipa wa ndani, pande zote mbili. Sina dawa yake, Bi. Na mtu asikutie mafuta wala maji ya majani."

"Haya," akajibu, akajitanda kanga yake vizuri.

Garini hakuna aliyemsikia mwenziwe kwa mngurumo, na huko Bi Khairiya kidogo alipumzika.

Walipofika nyumbani akamwambia Mwatum, "Wazee wa wasichana waambie weye. Miye sina nguvu ya kuulizwa."

Baba wawili waliwatoa binti zao. Waliobaki walisikilizwa na Mwatum, na Bi Khairiya akashika kazi ya kuwaandikisha herufi kwenye mbao, kwa sababu kosa la wino aliliona. Mwaka uliofuata asubuhi hakukaa tena barazani. Alitoka baada ya alasiri, akasahihisha mbao mbili tatu, akarudi ndani kujinyoosha.